Akina Asahel Wawili

Alhamisi, 28 Agosti

Leo tumeanza kuchuma matufaha ya mapema, na kama vile siku haikuwa na kazi za kutosha, Darlene Kosko akaingia uani na basi la shule analoendesha, tupu, akalizima katikati ya njia ya trekta. Akashuka na mfuko wa plastiki wa dukani, umejaa makaratasi.

"Vinnie, nataka kuingia kwenye kile chama chenu."

"Chama gani?"

"Usijitie hujui. Kile cha wajukuu wa watu waliomtimua mfalme."

Nilidhani ananitania. Darlene anakaa kwenye trela, ile nyumba ya magurudumu, kule kando ya kijito, ana mbuzi watano na redio moja, na wote sita nawasikia nikiwa jikoni kwangu. Miaka mitatu iliyopita mbuzi hao walinitafunia magome ya miche arobaini, na pole niliyopewa ilikuwa "mbuzi ni mbuzi." Sasa anataka kukaa nasi ukumbini kwa kanisa, anywe chai, avae utepe kifuani.

Lakini mimi ndiye msajili wa tawi. Kila anayeomba kuingia lazima aonyeshe ametoka kwa askari aliyepigania uhuru wa nchi hii, na karatasi zake zinapita mikononi mwangu, niwe nampenda au simpendi. Nikamwuliza anaingia kwa jina la babu gani.

"Asahel Prindle. Sajini."

Nikaweka kikapu chini. Asahel Prindle ni babu yangu mimi. Ni kwa jina lake mama aliingia chamani miaka sitini iliyopita, nami nikaingia nyuma yake. Kibao cha shaba kilichoko kaburini kwake alikiweka mama kwa mkono wake.

"Basi sisi ni ndugu," Darlene akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mkutano wa kupokea wanachama wapya ni tarehe 8 Novemba. Nimeuchukua mfuko. Unanuka sigara.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumechuma mchana kutwa. Mfuko sijaugusa.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeugusa, nikaurudisha pale pale.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kumwona mama kwenye nyumba ya wazee. Ana miaka tisini na miwili. Miguu imemgomea lakini ulimi uko kazini. Ukutani ametundika vitu viwili tu: picha ya baba akiwa juu ya trekta, na cheti cha chama. Alikuwa mwenyekiti wa tawi miaka kumi na miwili, na mpaka leo wauguzi wakija kumpima presha huwaeleza habari za sajini wetu kabla hawajamfunga ile kanda mkononi.

Nikamwambia kuhusu Darlene.

"Kosko? Hao ni akina nani?"

"Hilo ni jina la mumewe. Bibi yake mzaa mama alikuwa Prindle. Hazel."

Mama akalinyoosha blanketi lake ingawa lilikuwa limenyooka. "Hazel alikuwa na mdomo."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa na karatasi," akasema. "Kagua zake moja moja. Usimwonee wala usimpendelee. Lakini kagua, Lavinia."

Jumapili, 7 Septemba

Mvua tangu asubuhi, hakuna kuchuma. Nimemwaga mfuko wa Darlene mezani.

Nakiri si mbaya. Ukoo wake anautoa kwa Elihu, mtoto wa Asahel. Wetu unatoka kwa Reuben, naye mtoto wa Asahel. Wote wawili wamo kwenye kitabu cha ukoo alichokiandika Mchungaji Prindle mwaka 1903, na kitabu hicho nyumbani kwetu kilikaa rafu moja na Biblia. Ila siku hizi makao makuu hayakubali kitabu peke yake. Wanataka karatasi ya wakati ule ule: ndoa, ubatizo, wosia, chochote kilichoandikwa na aliyeshuhudia.

Mvua ilipopungua nikaenda makaburini kunakili jiwe. Nimepita mbele ya jiwe hilo tangu utotoni. Linasema amekufa mwaka 1831 akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Kwa hiyo alizaliwa 1757. Kitabu kinasema 1762. Nilisimama pale na mwavuli, nikatoa na kujumlisha kwa vidole. Kwa hesabu ya kitabu, babu yetu alipandishwa cheo kuwa sajini, mwaka 1777, akiwa na miaka kumi na mitano.

Nilipomwambia kaka yangu Wendell, ambaye ndiye anayeendesha shamba, akasema mchonga mawe alikuwa amelewa. Wendell mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano hakuweza kuamka bila kumwagiwa maji. Miaka sitini mama na mimi tumekisoma kitabu kile, na hakuna aliyefanya hesabu hiyo ndogo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kwa Darlene kuona Biblia ya familia yao. Mbuzi wamenipokea mlangoni, mmoja akaanza kula mkanda wa koti langu.

Biblia ni kubwa, ngozi imechakaa, imefungwa kwa kitambaa safi cha meza. Nikafungua katikati, pale familia za zamani zilipokuwa zikiandika ndoa na watoto. Ukurasa haupo. Umechanwa kwa haraka, umeacha ncha zenye meno kando ya mshono.

"Nani kaichana hii?"

"Mbona unaniuliza kwa sauti ya polisi?"

"Darlene, ukurasa mmoja tu unaotakiwa, na huo huo ndio haupo."

"Kwa hiyo nimeuchana mimi. Nimekaa hapa na mbuzi wangu nikasema, leo nimkomeshe Vinnie." Akaniwekea kikombe cha kahawa kwa kishindo. "Bibi Hazel alisema ulikwenda Washington na haukurudi. Ndiyo ninayoyajua."

Nikaona haya, maana hilo ningelikumbuka mwenyewe kama nisingekuwa na kiherehere cha kumnasa. Wajane wa wanajeshi wale walipoomba pensheni walitakiwa waonyeshe walivyoolewa, na wengi hawakuwa na cheti. Walichana ukurasa wa Biblia wakautia kwenye bahasha. Serikali haikuurudisha hata mmoja.

Nikasema nitaomba faili la pensheni la mjane. Darlene akafunga Biblia kwenye kitambaa, akanipakatisha.

"Nenda nayo. Utaihitaji."

"Hutaki nisaini popote?"

"Kwani utaihamisha nchi?"

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetuma ombi la faili. Mchana nimekagua kisanduku cha barua mara nne.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeshinda kanisani na kitabu cha ubatizo. Sasa najua Mchungaji Prindle alikosea wapi, na ni kosa ambalo hata mimi ningelifanya.

Asahel amebatizwa 1757. Asahel mwingine amebatizwa 1762. Katikati yao, mwaka 1760, kuna maziko ya "mtoto wa Prindle", bila jina. Watu wa hapa walikuwa na desturi: mtoto akifa, jina lake wanampa atakayezaliwa baadaye, ili lisipotee. Makaburi yetu yamejaa watoto wa namna hiyo, watatu watatu kwa jina moja. Basi mchungaji akaona Asahel, kaburi, halafu Asahel, akasema: wa kwanza amekufa, wa pili kachukua jina. Akabaki na Asahel mmoja tu wa kumbebesha kila kitu, cheo, ndoa na watoto wote.

Lakini hakusoma jina la baba. Wa 1757 ni mwana wa Eli. Wa 1762 ni mwana wa Noah. Hao ni watoto wa ndugu wawili, wote wamepewa jina la babu yao, na hakuna popote palipoandikwa kwamba mmojawapo alikufa mdogo.

Nimerudi nyumbani nikasahau kuzima taa za gari. Wendell kalazimika kuniwashia kwa betri ya trekta.

Jumanne, 23 Septemba

Faili bado. Nimepanga makopo ya jemu kwa rangi, kisha kwa ukubwa. Wachumaji wananitazama.

Ijumaa, 26 Septemba

Faili limekuja kwa barua pepe saa nne asubuhi. Kurasa hamsini na tatu.

Mjane anaitwa Thankful. Mwaka 1838 alikuwa na miaka sabini na minane, haoni vizuri, alisaini kwa alama ya msalaba. Anaapa kwamba mumewe Asahel alikuwa sajini, kwamba alikaa naye miaka arobaini na saba, kwamba alirudi vitani na kidonda mguuni kilichofunguka kila majira ya baridi. Na mwishoni kabisa kuna ukurasa wa Biblia.

Niliuchapa kwa ukubwa wake halisi, nikaukata kwa mkasi kufuata ncha, nikaupachika kwenye mshono wa Biblia ya Darlene. Umeingia jino kwa jino.

Watoto ni watano. Elihu, Electa, Submit, Mercy, Roxana. Chini yao mtu kaandika kwa niaba ya Thankful: hawa ndio wote niliowazaa, na mume wangu hakuwa na wengine.

Reuben hayumo.

Nikasoma tena kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko aliokwisha kuupekua. Electa amezaliwa Machi 1786. Reuben wetu, kwa jiwe lake na kwa kila karatasi tuliyo nayo, amezaliwa Juni 1786. Hakuna mama anayezaa Machi akazaa tena Juni.

Kwa hiyo Darlene ni wa sajini. Mimi si wake. Mama si wake. Kibao kile mama alikiweka kwenye kaburi la mtu asiyemhusu, wakati Darlene alipita pale kila asubuhi na basi lake.

Nimeifunga Biblia kwenye kitambaa chake.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimetembea mistari yote ya shamba bila kikapu.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda kanisani. Sikwenda kwa mama pia, nimesema nina mafua.

Jumatatu, 29 Septemba

Darlene kapiga honi akipita na watoto. "Limekuja?" Nikatikisa kichwa kuwa bado. Nimedanganya mchana kweupe mbele ya watoto ishirini.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemweleza Wendell tukiwa kwenye banda la kukamulia juisi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Mwambie Darlene faili halikuonekana."

"Bila ukurasa ule hawezi kuingia."

"Asiingie. Ameishi miaka hamsini na saba bila chama, hajakonda."

"Na nikiutuma, makao makuu wataona Reuben hayumo. Watatufuta mimi na mama."

"Ndiyo maana nakwambia usiutume, dada'ngu. Mama ana miaka mingapi ya kuishi? Mwache afe na cheti chake ukutani. Mtu wa kuzikwa leo au kesho ndiye umwonee huruma kuliko waliozikwa miaka mia mbili iliyopita."

Nikamwita mwoga. Akaniita mtakatifu wa plastiki. Tukarudi kwenye kazi, tukakamua juisi mapipa sita bila kusemezana.

Jioni nimeandika barua kwa Darlene. Ni fupi. "Nasikitika kukujulisha kwamba ushahidi haujatosha." Nimeitia kwenye bahasha. Sijaibandika stempu, lakini nimeiandika, na sitajisingizia kwamba sikuiandika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kama si wa sajini, basi Reuben ni wa nani? Swali hilo limenitoa nyumbani wakati matufaha ya katikati ya msimu yanaanguka yenyewe. Wendell alipiga kelele, nikaondoka hivyo hivyo.

Ofisi ya ardhi ya wilaya wana hati ya 1809: Asahel Prindle wa Barabara ya Chini na mkewe Huldah wanampa shamba "mwana wetu Reuben." Sajini hakuwahi kukaa Barabara ya Chini, na mkewe hakuwa Huldah. Basi babu yetu ni yule mwingine, mwana wa Noah.

Nikajipa moyo. Huenda naye alipigana. Askari wa kawaida pia anakubalika, si lazima sajini. Nikafungua kwenye simu orodha za kikosi za 1780, na wote wawili wamo ukurasa mmoja. Juu: Asahel Prindle, sajini, yupo. Chini, mistari kumi na moja baadaye: Asahel Prindle, askari, ametoroka 9 Agosti.

Bibi wa ofisini akaniuliza kama nataka maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jalidi ya kwanza. Umande umeganda usiku, tumepoteza maua yote ya mbele ya nyumba.

Jumapili, 12 Oktoba

Sanduku la kumbukumbu za tawi liko kwenye dari ya nyumba yangu. Nilipanda kutafuta ombi la mama la zamani, nijue alitumia ushahidi gani. Alitumia kitabu cha mchungaji, basi. Wakati ule kilitosha.

Lakini nyuma ya faili lake nimekuta jingine. Hazel Prindle, 1968. Bibi yake Darlene. Ombi limejazwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mtu aliyejitahidi, na ushahidi aliouleta ni kitabu kile kile cha mchungaji, ukurasa ule ule. Pembeni mama, aliyekuwa mwenyekiti wakati huo, kaandika kwa mkono wake, ule mkono mzuri uliotuandikia ruhusa za shule: "Ushahidi haujatosha."

Maneno yangu. Herufi kwa herufi.

Hazel alikuwa akifua nguo za hoteli wakati huo. Nadhani hilo ndilo lililopungua kwenye ushahidi wake. Nimempenda mama miaka sitini na minne, na leo kwa mara ya kwanza nimemwonea aibu, kisha nikajionea mwenyewe zaidi, maana yeye angalau hakujua kwamba Hazel ndiye mwenye haki. Mimi nilijua.

Barua nimeichana.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemsubiri Darlene kwenye maegesho ya mabasi alipomaliza zamu. Nikapanda, nikakaa kiti cha mbele kama mtoto mwenye kesi, nikampa Biblia na ukurasa ndani yake. Nikamweleza yote: Electa, Reuben, Barabara ya Chini, mtoro. Nikamwambia pia kwamba faili lilifika tarehe 26 Septemba na nilimdanganya. Mwisho nikampa ombi la Hazel.

Alisoma ile pembe ya ukurasa muda mrefu.

"Alinunua glavu," akasema. "Nyeupe. Kwa ajili ya siku ya kupokewa. Sisi watoto tulikatazwa hata kuzigusa."

"Samahani, Darlene."

"Samahani ya mama yako au ya kwako?"

"Yangu. Ya mama sina ruhusa ya kuitoa."

Akawasha sigara, akakumbuka yuko ndani ya basi la shule, akaizima kwenye soli ya kiatu. "Kwa hiyo mimi ndani, wewe nje."

"Ndivyo."

"Na bibi mzee atajua?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Usimwambie kwa ajili yangu, Vinnie. Mzee wa miaka tisini."

"Si kwa ajili yako. Usijipe sifa."

Hapo akacheka kidogo. Nilikuwa namwona mtu wa kelele tu. Sasa namkumbuka Septemba akinipakatisha Biblia ya familia yake bila hata risiti, na mimi ndiye niliyekuwa na ukumbi, chai na utepe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kuna utaratibu, na utaratibu una mtego. Sahihi yangu ina nguvu nikiwa mwanachama. Nikijiuzulu kwanza, ombi la Darlene litakwama mpaka msajili mpya apatikane, na Novemba itapita. Basi saa tatu asubuhi nimesaini lake, nikaambatisha ukurasa, nikalituma. Saa tatu na nusu nimemwandikia Bi Whitbeck, mwenyekiti wetu, kumweleza habari za Reuben na kurudisha uanachama wangu. Wa mama pia sikuweza kuuficha, ni ukoo mmoja.

Bi Whitbeck alipiga simu kabla ya chakula cha mchana. "Lavinia, huna haja ya kuharakisha hivyo. Kila mtu ana mababu wengi, tutakutafutia mwingine."

"Sitaki mwingine, Bi Whitbeck. Huyu ndiye niliyepewa."

Sijui niliitoa wapi jeuri hiyo. Nilipokata simu nililia jikoni.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemwambia mama.

Nilienda na karatasi zote zimepangwa, maana yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila tarehe lazima iwe na ushahidi wake. Alizitaka moja moja, akazisoma kwa kioo chake cha kukuzia. Alipofika kwenye ukurasa wa Biblia aliwahesabu watoto kwa kidole. Akawahesabu tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Darlene. Bi Whitbeck. Makao makuu watajua wiki hii."

"Ungeweza kusubiri."

"Ningeweza."

"Miezi michache, Lavinia. Sikuombi mwaka."

Nikamwonyesha ombi la Hazel. Sikukusudia kumkomoa, au labda nilikusudia kidogo. Alilitazama kwa macho tu, hakulishika.

"Toka," akasema.

Nikasema, "Mama."

Akabonyeza kengele ya muuguzi, akamwomba amgeuzie kiti kielekee dirishani. Nimeendesha gari kurudi na sikumbuki barabara.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimepiga simu. Muuguzi kasema amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Jumapili, 26 Oktoba

Amelala.

Jumanne, 28 Oktoba

Amelala. Matufaha ya mwisho, yale ya kuhifadhi mpaka Machi, yameingia ghalani yote. Wendell anasema, "Si nilikwambia?" kila anapopita, mara nyingine bila kutoa sauti.

Jumamosi, 1 Novemba

Msimu umekwisha na siwezi kutulia. Nimerudi kwa huyu mtoro. Kama ndiye wangu, basi nimjue.

Kumbe kuna karatasi yake. Septemba 1780 alifikishwa mbele ya maofisa, na karani akaandika aliyosema: kwamba baba yake Noah alikufa Julai, kwamba mama yake alibaki peke yake na wadogo watano, kwamba ngano ilikuwa imeiva imesimama shambani na hakuna mkono wa kuikata. Aliomba ruhusa mara mbili akanyimwa. Akaenda. Tarehe 14 Septemba alirudi kambini mwenyewe, kwa miguu, bila kukamatwa, na wakamchapa viboko mbele ya kikosi. Alikuwa na miaka kumi na minane. Makao makuu wana kanuni: jina lenye alama ya utoro haliingizi mtu.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaenda kwenye gari, nikarudi, nikasoma tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Darlene amepokewa. Alivaa suti ya bluu na glavu nyeupe zilizogeuka manjano kwenye mishono, ndogo kwake, na alipoapa alikohoa hata Bi Whitbeck akamletea maji. Sikuwa na haki ya kukaa kwenye viti vya mbele, nikakaa jikoni kwa ukumbi nikiosha vikombe, mlango wazi.

Baadaye alikuja na sahani ya keki. "Wanaongea polepole hawa, utafikiri wanalipwa kwa saa. Ulivumiliaje?"

"Nilikuwa naipenda."

Akaacha mzaha. Akachukua taulo akaanza kukausha vikombe, na glavu akaziweka juu ya friji zisilowe.

Nilipofika nyumbani nilipiga simu kwa mama kumwambia. Amelala.

Alhamisi, 13 Novemba

Simu imelia nikiwa nakata matawi makavu. Nikaidondosha kwenye majani, nikaiokota.

"Wameniletea barua," mama akasema. Hakuna salamu. "Wamenifuta. Wamenishukuru kwa miaka sitini."

"Pole, Mama."

"Cheti nimekishusha. Yule msichana wa usiku amenisaidia." Nilisikia televisheni ya jirani yake. "Hazel alikuja nyumbani kuchukua jibu. Hakungoja lije kwa posta. Nilimpa mlangoni, sikumkaribisha ndani. Mvua ilikuwa inanyesha."

Nikaweka msumeno chini.

"Huyu wetu," akasema, "alitoroka kwa nini?"

Nikamsomea karatasi yote kutoka kwenye simu, nimesimama chini ya mti, vidole vimekufa kwa baridi. Kifo cha Noah. Wadogo watano. Ruhusa mara mbili. Kwenda, kurudi kwa miguu, viboko.

"Upo, Mama?"

"Tarehe tisa Agosti aliondoka. Siku mbili tatu za njia. Peke yake na mundu." Alikuwa akipiga hesabu za shamba, kama zamani akiwa bado na miguu. "Na ngano je?"

"Ngano gani?"

"Hiyo aliyoifuata, Lavinia. Waliivuna yote kabla ya mvua?"

"Sijui. Karatasi haisemi."

"Basi katafute," akasema.